Usilete Mgonjwa Mikono Mitupu
Kazi ya maabara mtu anapokula sumu



Tukizunguka vijijini huwa tunaulizwa swali hili: "Mtu akilishwa sumu, si hospitali wanapima tu damu na kuona?" Wengi wetu tunaamini kwamba damu ikishatiwa kwenye mashine, karatasi itatoka ikiwa na jina la sumu. Wengine wanatarajia hata jina la yule aliyeiweka. Mashine kama hiyo hakuna. Haiko katika hospitali ya kaunti, haiko Nairobi, na ng'ambo pia haiko.

Maabara hujibu swali lililoulizwa. Ukipeleka damu ipimwe malaria, utajibiwa malaria ipo au haipo, basi. Maabara haitasema, "Malaria hakuna, lakini tumeona dawa ya kupe." Kila sumu ina kipimo chake, na kila kipimo kina vifaa vyake na bei yake. Kwa hiyo daktari hana budi kukisia kwanza ni sumu gani, ndipo awaambie watu wa maabara watafute nini. Na daktari atakisia kwa kutumia nini? Kwa dalili anazoziona, na kwa habari na vitu tulivyomletea kutoka nyumbani. Hapo ndipo kazi yetu sisi wa kijijini inapoanzia, na kusema kweli hapo ndipo tunapoharibu.

SUFURIA ZILIZOOSHWA

Miaka michache iliyopita kikundi kimoja cha akina mama tunachokitembelea kilipika chakula cha matanga. Usiku ule watu kadhaa walitapika na kuharisha, na mzee mmoja akafariki kabla ya asubuhi. Kulipopambazuka maneno yalikuwa yamekwisha kuenea: mama fulani, aliyekuwa msimamizi wa jikoni, ametia kitu. Ilikumbukwa kwamba yeye na familia ya marehemu waliwahi kugombania mpaka wa shamba.

Tulipofika, tuliuliza chakula kilichobaki kiko wapi. Mbwa wamekula. Sufuria je? Zimesuguliwa kwa majivu zikang'aa, maana wenyewe walitaka kuzirudisha. Matapishi yalifukiwa kwa jembe. Wagonjwa waliofikishwa hospitali walitiwa maji ya mshipani wakapona, lakini hakuna aliyebeba hata kijiko cha wali. Mzee alizikwa siku ya pili bila kupimwa chochote.

Ilikuwa sumu? Ilikuwa nyama iliyolala? Ilikuwa mahindi yenye kuvu, au moyo wa mzee uliokuwa mgonjwa tangu zamani? Hakuna ajuaye, na hatajua mtu. Mama yule hakushtakiwa kortini, maana ushahidi haukuwepo. Lakini pia hakupata kitu cha kumsafisha. Chakula kile kingepimwa, pengine angekuwa na karatasi ya kuwaonyesha majirani.

Tunaandika makala haya kwa sababu ya mambo kama hayo. Kipimo si cha kumtafuta mchawi. Mara nyingi ndicho kinachomwondolea mtu jina baya.

UKAMBANI MWAKA 2004

Kisa kikubwa tunachokijua hapa Kenya, na ambacho kila kikundi kinachohifadhi nafaka kingefaa kukijua, ni kile cha Makueni na Kitui. Mwaka 2004 wagonjwa walianza kufika hospitalini macho yakiwa ya manjano, tumbo likiuma, wanatapika. Wengi walikufa. Habari zilipofikia wakuu wa afya mwezi wa Aprili, jambo la kwanza kufikiriwa lilikuwa ugonjwa wa ini wa kuambukizwa. Ilikuwa haki kufikiri hivyo, kwa maana macho ya manjano huonyesha kwamba ini limeumia, na virusi vinaweza kuumiza ini.

Damu ikachukuliwa ikapimwa virusi. Havikupatikana.

Hapo mtu angeweza kusema maabara imeshindwa. La, ilikuwa imefanya kazi kubwa: ilifunga mlango mmoja, watu wakaacha kupoteza wakati hapo. Ndipo maofisa wa afya wakakumbuka kwamba sehemu ile ile ya Machakos ya zamani ilikuwa na balaa kama hilo mwaka 1981, ambapo wagonjwa 20 walilazwa na 12 wakafa. Safari ile sababu ilikuwa mahindi yenye kuvu. Kwa hiyo safari hii wakabadilisha swali. Badala ya kuendelea na damu peke yake, walikwenda kwenye nyumba za wagonjwa wakachukua mahindi.

Mahindi yakajibu. Kuna sumu iitwayo aflatoksini, ambayo hutengenezwa na kuvu inayoota kwenye nafaka yenye unyevu. Wakati ule kiwango kilichoruhusiwa hapa kwetu kilikuwa sehemu 20 katika kila sehemu bilioni. Baadhi ya mahindi ya nyumba zile yalikuwa na 4,400. Hiyo ni mara 220! (Siku hizi kiwango kinachoruhusiwa ni 10 tu.) Kutoka Januari hadi Julai mwaka ule walihesabiwa wagonjwa 317, na kati yao 125 walifariki.

Wataalamu walifanya jambo jingine tena. Walichukua wagonjwa 40 na watu 80 wasiougua kutoka vijiji vile vile, wakapima damu na mahindi ya pande zote mbili. Damu ya wagonjwa ilikuwa na aflatoksini zaidi. Mahindi yaliyokuwa hatari zaidi yalikuwa yale ya shamba lao wenyewe, na waliougua zaidi ni wale waliohifadhi mahindi yenye unyevu ndani ya nyumba wanamoishi. Jambo hili linatuuma kidogo, kwa sababu sisi sote hudhani chakula cha shamba letu ndicho salama na cha duka ndicho cha kushukiwa. Mtu huogopa mvua na wezi, anavuna mapema, anayaingiza mahindi chumbani na kuyamwaga sakafuni. Huko ndiko kuvu inakotaka.

Waliokufa hawakurudi. Lakini majibu yale ndiyo yaliyofanya wengine waambiwe wasile yale mahindi, na serikali ikapeleka chakula kingine. Basi tunapoulizwa, "Kipimo kitasaidia nini na mtu amekwisha kufa?" jibu letu ni kwamba gunia alilolila bado liko, na watoto watakula kesho kutoka gunia hilo hilo.

Tuseme hapa pia kwamba kupika hakuondoi sumu hii. Kukoboa muthokoi hupunguza kiasi lakini hakumalizi. Na mahindi yanaweza kuonekana mazuri kwa macho lakini yakawa nayo.

MAABARA YA KARIBU INAWEZA NINI?

Maabara nyingi za hospitali zetu, hata zile za misheni zenye jina, haziwezi kupima aflatoksini wala kutaja dawa ya shambani kwa jina. Tusiwalaumu wale vijana wenye makoti meupe. Vifaa hivyo ni ghali na viko mahali pachache. Hata hivyo maabara ndogo inaweza kufanya mengi yanayookoa mtu.

Kwanza huangalia kama kweli ni sumu. Mtu aliyezimia anaweza kuwa ameishiwa sukari mwilini, au ana malaria iliyopanda kichwani. Tone moja la damu ya kidole linatosha kuonyesha sukari, na slaidi ya malaria si kazi ya muda mrefu. Tumemwona kijana aliyesemekana "amelishwa kitu kwenye baa" kumbe ni mgonjwa wa kisukari aliyechoma dawa bila kula.

Pili hupima madhara. Sumu ikiwa haijulikani, bado inawezekana kupima ini limeumia kiasi gani, figo zinafanya kazi au la, na damu inaganda kama kawaida au imekuwa maji. Hilo la mwisho ni muhimu kwa sumu za panya. Nyingi za siku hizi huharibu uwezo wa damu kuganda, na mtoto aliyezila huonekana mzima kabisa siku ya kwanza, akacheza, kisha siku ya pili au ya tatu akaanza kutoka damu puani na kwenye fizi. Mama akisema mapema, "Alikula zile tembe za panya," daktari atajua kupima kuganda kwa damu hata kabla damu haijaanza kutoka.

Vidonge vya maumivu vya parasetamoli vina tabia kama hiyo. Mtu akimeza vingi mno, siku ya kwanza huonekana hana neno, huku ini linaharibika. Kuna kipimo cha damu, lakini damu hiyo hufaa kutolewa baada ya saa 4 tangu alipomeza, na dawa ya kuzuia hufanya kazi vizuri zaidi ikitolewa kabla ya saa 8 kupita. Sasa mnaona kwa nini daktari anang'ang'ania kuuliza, "Alimeza saa ngapi?" Si upolisi. Bila saa, hata jibu la maabara halisomeki vizuri.

DAWA ZA SHAMBANI

Hizi ndizo tunazokutana nazo zaidi, kwa bahati mbaya au kwa kusudi. Dawa nyingi za kupulizia mboga na za kuogesha ng'ombe ni za kundi liitwalo oganofosfeti. Mtu aliyezipata hutokwa na mate na jasho jingi, mboni za macho huwa ndogo kama kichwa cha pini, hutapika na kuharisha, na kifua hujaa maji mpaka kupumua kunamshinda. Maabara yenye vifaa inaweza kupima kitu kimoja kwenye damu, kinaitwa kolinesterasi, ambacho dawa hizo hukishusha. Kikiwa chini sana, shuku inapata nguvu.

Lakini hapa tuwe wazi: daktari hangojei kipimo hicho. Akiona dalili na kunusa dawa kwenye nguo, ataanza kumtibu mara moja, na sindano ya atropini ndiyo ya kwanza. Kipimo kitafuata kama kipo. Familia nyingine hukasirika: "Wanamdunga kabla ya kupima!" Waacheni wafanye kazi. Mtu wa oganofosfeti hufa kwa kukosa pumzi, na maabara haipumui kwa niaba ya mtu.

Dawa ya kuua magugu yenye parakwati ni mbaya kuliko. Kwa hiyo kuna kipimo rahisi cha mkojo: hutiwa kemikali, na mkojo ukigeuka buluu, parakwati ipo. Ni rahisi, lakini nani atakumbuka kukifanya kama hakuna aliyesema mgonjwa alikunywa dawa ya magugu? Ndiyo maana tunawaomba mlete chupa. Chupa yenye karatasi yake hushinda maelezo ya watu kumi. Na kama dawa ilikuwa imehamishiwa kwenye chupa ya soda (tabia ambayo tumeipigia kelele mpaka sauti ikakauka), leteni hiyo chupa ya soda, na mtu mmoja arudi kutafuta kopo la kwanza ilikotoka.

POMBE, NA SUMU YA POLEPOLE

Wapo wale waliokunywa pombe iliyotiwa methanoli. Novemba 2000 mitaani Nairobi watu zaidi ya 100 walikufa kwa pombe ya aina hiyo, na wengine walipofuka. Methanoli yenyewe hulevya kama pombe nyingine. Mwili unapoivunja ndipo hugeuka asidi inayoharibu macho, na hilo linaweza kuchukua saa 12 hadi 24. Kwa hiyo mtu hulala amelewa, anaamka anasema anaona ukungu, na wenzake wanamcheka wakidhani ni uchovu. Kupima methanoli yenyewe kunahitaji mashine ambayo hospitali nyingi hazina, ila hospitali kubwa inaweza kuona kwamba damu imekuwa na asidi nyingi na kuanza matibabu. Leteni pombe iliyobaki kwenye chupa, na waiteni wote waliokunywa pamoja naye, hata wale wanaosema wako sawa.

Sumu nyingine haina kelele kabisa. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilitoa madini ya risasi kwenye hewa na udongo, karibu na nyumba za watu. Bi Phyllis Omido, aliyekuwa amefanya kazi hapo, alikuwa na mtoto mchanga ambaye aliugua na madaktari wakakosa ugonjwa, mpaka damu yake ilipopimwa risasi. Ilipatikana. Wakazi wengine nao wakapimwa. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, na baada ya safari ndefu ya kesi, Mahakama ya Juu kabisa ilikubali Desemba 2024 kwamba wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 ambazo korti ya Mombasa ilikuwa imetoa mwaka 2020. Huwezi kwenda kortini kusema tu "moshi unatuumiza." Damu ya watoto ilisema. Lakini kumbukeni: ilisema kwa sababu mtu aliuliza swali la risasi.

KABLA HAMJAONDOKA NYUMBANI

Mgonjwa ni wa kwanza. Msimlazimishe kutapika, msimpe maziwa wala mayai mabichi wala mafuta. Mafuta ya taa, kwa mfano, yakitapishwa huingia mapafuni na kuua. Kama dawa imemmwagikia, mvueni nguo na mumwoshe kwa maji mengi na sabuni, na anayemwosha ajikinge mikono. Kama amezimia, mlazeni kwa ubavu. Kisha gari au pikipiki, haraka. Katiba yetu ya 2010 inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura, kwa hiyo msingoje mchango wa pesa ndipo muondoke.

Wakati wengine wanatafuta gari, mtu mmoja, mmoja tu mwenye akili iliyotulia, akusanye vitu. Kopo au pakiti ya dawa, hata kama ni tupu. Chakula kilichobaki, kiasi, kwenye chombo safi chenye kifuniko. Matapishi kidogo kwenye chombo cha peke yake. Kama ni mahindi yanayoshukiwa, achote sehemu mbalimbali za gunia, juu, katikati na chini, maana sumu ya kuvu haikai sawa kote. Punje chache zinaweza kuibeba yote. Kilo moja au mbili, kwenye mfuko wa khaki au kitambaa. Si karatasi ya plastiki, kwa sababu jasho la plastiki litaongeza kuvu njiani. Kila chombo kiandikwe ni nini, kimetoka wapi, siku gani na saa ngapi.

Halafu aandike: alikula au kunywa nini, saa ngapi, dalili zilianza lini, nani wengine walikula na nani hawakula. Kuku au mbwa wamekufa? Na dawa zote alizopewa, pamoja na za mitishamba. Tunajua watu huficha za mitishamba wakiogopa kugombezwa na nesi. Afadhali ugombezwe.

Kuna jambo jingine linalofichwa, nalo ni la uchungu. Mtu akinywa dawa kwa kusudi, familia husema "amekunywa kwa kukosea," au "ni malaria," wakiogopa polisi na aibu. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226 cha sheria ya makosa ya jinai, kilichomfanya mtu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, kinapingana na Katiba. Mwambieni daktari ukweli, hata kama ni kwa kumnong'oneza pembeni. Baadaye mje kwetu au kwa Padre, tukae na mgonjwa huyo bila kumhukumu.

IKIWA NI JAMBO LA KESI

Kipimo cha hospitali ni cha kumtibu mtu. Cha kortini kina njia yake. Mkishuku kwamba mtu ametiwa sumu, piga ripoti polisi mapema. Vitu hufungwa mihuri na kupelekwa kwa Mkemia wa Serikali, ambaye maabara yake kuu iko Nairobi na matawi yako Mombasa na Kisumu. Kitu kilichopita mikononi mwa watu sita bila maandishi, wakili atakiangusha kwa dakika moja. Kwa hiyo yule aliyekusanya ndiye amkabidhi polisi au hospitali mwenyewe, na aandike jina la aliyepokea.

Mtu akifariki, mwambieni daktari shuku yenu kabla mwili haujatiwa dawa ya kuhifadhi, kwa maana baada ya hapo vipimo vingine haviwezekani tena. Tunajua mazishi yana gharama na wazee hawapendi kungoja. Lakini siku mbili za kungoja ni chache kuliko miaka ya kushukiana.

Majibu ya Mkemia yanaweza kuchukua muda mrefu, na yanaweza kuja yakisema "haikupatikana." Hilo halina maana kwamba hakukuwa na sumu yoyote. Lina maana kwamba zile walizozitafuta hawakuziona katika kile walichopelekewa. Mwenyekiti awaeleze wanachama hivyo, asiongeze wala kupunguza.

Kikundi kile cha akina mama sasa kina sanduku dogo kwa mweka hazina. Ndani mna mitungi minne yenye vifuniko, mifuko ya khaki, glavu, kalamu ya wino mzito na daftari. Yote hayakufika shilingi elfu moja, walichanga kwenye mzunguko wa mwezi. Kila wakipika kwa ajili ya watu wengi, hutenga sahani moja iliyofunikwa mpaka kesho yake. Mama yule aliyekuwa msimamizi wa jikoni hajarudi kikundini. Sufuria kubwa bado ni zake, na kukiwa na shughuli humtuma mjukuu azipeleke.